Je, Wajua? Kware na Nyasi za Mwaka Jana

Je, wajua kwamba yupo kware ambaye jina lake ni sauti yake mwenyewe? Majira ya kuchipua yanapoanza kusini mwa Marekani, dume hupanda juu ya nguzo ya ua, akajaza kifua, kisha akapiga mluzi wa vipande viwili, cha pili kikipanda ghafla: bob-WAIT! Basi wakamwita bobwaiti. Wanasayansi humwita Colinus virginianus. Ana uzito wa gramu 170 hivi, mwili wa mviringo, mkia mfupi, na mabaka ya kahawia yanayomfanya apotee machoni akitulia kwenye majani makavu. Dume ana koo jeupe. La jike lina rangi ya mchanga.

Je, wajua kwamba huyu si yule kware wa tunduni? Wasomaji wa Kenya wanakumbuka miaka ya 2013 na 2014, mayai ya kware yalipopanda bei hadi watu wakaacha kuku. Yule ni kware wa Kijapani, ndege wa kufugwa. Bobwaiti ni wa ukoo mwingine, ukoo wa kware wa Amerika.

Na ukoo huo una jamaa wawili tu nje ya bara la Amerika, wote wakiwa Afrika! Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyofichua udugu huo. Mmoja, Ptilopachus petrosus, huishi kwenye majabali kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wa pili, Ptilopachus nahani, ni ndege wa msituni, mashariki mwa Kongo na Uganda, ikiwemo misitu ya Budongo na Mabira. Binamu wa bobwaiti wanaparua majani yaliyooza pale Mabira, bahari nzima ikiwa kati yao na ndugu zao.

Je, wajua kware huyu hutaga wapi? Hapa naomba tukae kidogo, maana mambo mengine yote yanategemea jibu hili. Hatagi mtini. Hatagi kwenye nyasi laini zilizochipua mwaka huu. Hutaga chini, katikati ya fungu la nyasi za mwaka jana, zilizokauka zikiwa bado zimesimama. Hufukua kishimo kidogo, hutandika majani makavu, halafu mara nyingi huvuta nyasi za juu na kuzikunja ziwe kama paa la kibanda, mlango ukiwa ubavuni. Ukipita mita moja kutoka hapo hutaona kitu. Mara nyingi kiota hakiwi mbali na njia au sehemu ya ardhi tupu, kwa sababu ndege huyu husafiri kwa miguu na anahitaji pa kupita akienda na kurudi.

Kwa hiyo mwenye shamba anayefyeka kila kitu mwezi wa kumi ili pawe pasafi amekwisha kuvunja viota vya mwaka unaofuata. Mayai hayajatagwa bado, lakini nyumba hazipo.

Je, wajua fungu linalofaa huwa na ukubwa gani? Kama mpira wa kikapu. Wataalamu wa Texas huwashauri wafugaji wawe na mafungu ya namna hiyo yasiyopungua 250 katika kila ekari moja. Mtu anaweza kuuliza, ndege mmoja anahitaji fungu moja, mengine 249 ya nini? Ya kumchosha adui. Shamba likibakiwa na mafungu kumi, mnyama mwenye pua kali atayakagua yote usiku mmoja. Yakiwa mamia, atatembea mpaka kunakucha na huenda asikipate kiota.

Je, wajua kwamba jike hutaga yai moja tu kwa siku, na haanzi kuatamia mpaka awe karibu kumaliza? Kwa kawaida hufikisha mayai 12 hadi 14, meupe pe, yaliyochongoka upande mmoja. Ongeza siku 23 za kuatamia. Kuanzia yai la kwanza hadi vifaranga kutoka, kiota kinahitaji utulivu wa karibu siku 40. Trekta la kufyekea linahitaji dakika moja tu kupita juu yake.

Msimu wenyewe ni mrefu. Kusini kabisa huanza Aprili na viota vya mwisho huonekana Septemba, hata Oktoba mwanzoni. Kilele ni Juni na Julai, miezi ileile ambayo watu wengi hutamani kufyeka.

Je, wajua kwamba vifaranga huongea wakiwa bado ndani ya yai? Siku ya mwisho au mbili za mwisho hutoa milio midogo ya kugonga, kila mmoja akisikia wenzake kupitia maganda. Walio nyuma huharakisha. Matokeo yake, mayai yaliyotagwa kwa kupishana wiki mbili huanguliwa ndani ya saa chache, na familia nzima huondoka pamoja. Kiota hakilali mtu tena.

Je, wajua kwamba baba huatamia? Takriban kiota kimoja kati ya vinne hulaliwa na dume peke yake, jike akiwa amekwenda kuanza kiota kingine, pengine na mume mwingine. Kwa miaka mingi vitabu vilimsifu bobwaiti kwa ndoa ya mke mmoja na mume mmoja. Kisha watafiti wakaanza kuwavisha ndege vidani vidogo vya redio, wakawafuatilia mmoja mmoja, na picha ikabadilika: majike wenye waume wawili msimu mmoja, madume wenye wake wawili, vifaranga waliohama kwa mzazi mmoja wakalelewa na mwingine. Sioni aibu yoyote hapo. Ndege ambaye viota vyake vingi huharibiwa amepata njia ya kuweka mayai mahali pengi kadiri iwezekanavyo kabla ya baridi kurudi.

Viota vingi huharibiwa kweli? Ndiyo. Kwa wastani kimoja kati ya vitatu ndicho hufanikiwa. Jike aliyepoteza mayai hujaribu tena, na tena.

Je, wajua kwamba kifaranga aliyetoka yaini leo ana uzito wa gramu 6 hivi? Kwa wiki mbili za kwanza karibu chakula chake chote ni wadudu: panzi wachanga, mende wadogo, viwavi, buibui. Anahitaji protini ya kujenga manyoya haraka, kwa sababu katika wiki mbili lazima aweze kuruka hatua chache. Mbegu hazimtoshi. Hata ukimwaga gunia la mtama mbele yake, bila wadudu atakufa.

Sasa tazama tatizo la kimo chake. Kwetu nyasi zilizofungamana ni kero ya kukwaruza miguu. Kwake ni ukuta. Anahitaji ardhi tupu chini, apate kukimbia, na majani mapana juu, ya kumkinga jua na kipanga, kama mtu anayetembea chini ya miavuli iliyopangwa. Magugu ndiyo hutengeneza hali hiyo. Gugu la ambrosia, ambalo wakulima wa Marekani hulichukia na wenye mzio hulikimbia, husimama kwa shina moja jembamba chini na matawi yaliyotanda juu. Wadudu hujaa humo kiangazi, na ikifika majira ya baridi mbegu zake huwa chakula cha wakubwa. Kama kware angeulizwa apande mmea mmoja tu, nina hakika angechagua huo.

Mvua ya baridi pia huua. Kifaranga wa siku tatu hawezi kujipasha joto. Huingia chini ya mbawa za mzazi. Mvua ikinyesha mchana kutwa, hali wadudu na hapati joto.

Je, wajua umri wa bobwaiti? Wengi hawamalizi mwaka. Kati ya ndege 100 waliopo vuli hii, tarajia wapatao 20 tu kuiona vuli ijayo. Hesabu hiyo huwashtua wengi, nami ilinishtua mara ya kwanza, lakini ndiyo inayoeleza kila kitu. Ili mwaka ujao wawe 100 tena, 80 lazima wawe vifaranga wa msimu huu mmoja. Msimu mmoja wa viota ukiharibika, watu husikia ukimya. Ikiharibika miwili mfululizo, shamba linaweza kubaki bila hata kundi moja. Na kwa hesabu ileile, msimu mmoja mzuri unaweza kuwarudisha kwa kasi ambayo tembo au kifaru hawezi kuiota.

Je, wajua ni nani hula mayai? Kamera zilizotegwa kando ya viota zimewanasa nyoka, rakuni, oposamu na armadilo. Wapo pia sisimizi wa moto, walioingia kutoka Amerika Kusini kupitia bandari ya Mobile, Alabama, na kusambaa kusini kote; hao hungoja kifaranga atoboe ganda, kisha huingia kwa tundu lilelile. Ndege wakubwa huwindwa na vipanga na pakamwitu.

Lakini kuna mlinzi asiyetarajiwa: panya wa pamba. Panya hao wakiwa wengi, nyoka, pakamwitu na vipanga hushiba panya. Wakipungua, macho yote hugeukia kware. Ndiyo maana nyasi zinazomficha kware zinatakiwa kuficha na panya.

Je, wajua kwamba kundi la kware hulala kwa duara? Kuanzia vuli, ndege 8 hadi 15 huishi pamoja. Usiku hukaa chini wakibanana, mikia katikati, vichwa nje. Joto hubaki ndani na kila upande una macho. Adui akija, wote hulipuka kwa wakati mmoja kila mmoja upande wake, na mshindo wa mbawa humduwaza hata mtu mzima.

Je, wajua wamepungua kiasi gani? Tangu sensa ya ndege wanaozaliana ilipoanza Amerika Kaskazini mwaka 1966, bobwaiti wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Katika kaunti nyingi za mashariki, watu wenye mvi wanakumbuka mluzi ule kila asubuhi ya Juni, na wajukuu wao hawajausikia hata mara moja.

Bunduki siyo iliyowamaliza. Wawindaji hupunguza, ndiyo, lakini kware wametoweka hata mahali ambapo hawawindwi. Kilichoondoka ni makazi. Mashamba madogo yenye kingo za vichaka yaliunganishwa yakawa tambarare moja ya mahindi na soya kutoka barabara hadi barabara. Misonobari ilipandwa kwa kubanana hadi jua likashindwa kufika chini. Na malisho yakabadilishwa nyasi.

Hapo kwenye nyasi, msomaji wa Afrika Mashariki, tunahusika. Je, wajua kwamba ukoka, huuhuu unaotambaa mbele ya nyumba zetu, ni mojawapo ya nyasi zilizobadilisha malisho ya kusini mwa Marekani? Mwaka 1943, kituo cha kilimo cha Tifton, Georgia, kilitoa ukoka chotara uliozalishwa na Glenn Burton, mmoja wa wazazi wake akiwa ametoka Afrika Kusini. Ng'ombe waliupenda. Mwaka huohuo, kwenye majimbo ya baridi zaidi, ilitolewa aina ya nyasi za feskyu iliyopatikana Kentucky. Zote mbili hufunga zulia juu ya ardhi. Kifaranga wa gramu 6 hana pa kukanyaga, na mama yake hana fungu la kutagia.

Texas kusini ilipata mgeni mwingine: Cenchrus ciliaris, nyasi ngumu inayostahimili ukame, ambayo mbegu yake ilikusanywa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na kupewa wafugaji wa Texas mwaka 1946. Kwetu nyasi hiyo ni chakula cha mifugo na wanyamapori, na haina kosa lolote. Kule, ikiwa peke yake, imefukuza mimea mingine. Watafiti waliolinganisha malisho yake na malisho ya nyasi za asili walikuta wadudu wachache na bobwaiti wachache. Nyasi ni ileile. Imeng'olewa tu kutoka kwa majirani wake.

Je, wajua nani aligundua kwamba kware anahitaji moto? Jibu la vitabuni ni Herbert Stoddard, na jina hilo linastahili heshima. Hakuwa na shahada. Alikuwa fundi wa kukausha ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Milwaukee. Mwaka 1924 alitumwa kwenye eneo la vilima vyekundu, kati ya Thomasville, Georgia, na Tallahassee, Florida, ambako matajiri wa kaskazini walikuwa wamenunua mashamba makubwa ya kuwindia na kuona kware wao wakipungua. Walichangia gharama wajue sababu. Stoddard akatembea porini miaka mitano, akachunguza viota 602 kimoja baada ya kingine, na mwaka 1931 akachapisha kitabu kinene ambacho mabingwa wa kware wanakirejea hadi leo.

Hitimisho lake liliwakera wakubwa. Alisema kware wanapungua kwa sababu misitu haichomwi tena. Wakati uleule aliokuwa akiandika, malori yenye sinema yalikuwa yakizunguka Georgia, Florida na Mississippi kuwahubiria wanakijiji kwamba kila moto wa msitu ni uharibifu. Idara za misitu hazikutaka kusikia kinyume chake, na ikabidi sura yake ya moto iandikwe upya kwa maneno yaliyolegezwa. Lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha kituo cha utafiti cha Tall Timbers kwenye ardhi iliyotolewa na Henry Beadel, na kuanzia 1962 kituo hicho kikawa kinaita wataalamu wa dunia kujadili moto kama sehemu ya uhai wa nchi.

Hata hivyo, jibu la vitabuni halitoshi. Moto ulikuwepo kabla ya Stoddard. Wenyeji asilia wa Amerika waliwasha pori hilo kwa karne nyingi, na baada yao wakulima Weusi waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi waliendelea kuliwasha kila mwisho wa baridi. Vishamba vyao vidogo vya mahindi, kunde na pamba, vyenye kingo za magugu na vipande vilivyopumzishwa, ndivyo vilivyojaza kware ambao matajiri walikuja kuwinda. Stoddard alijifunza kwa kutazama kazi yao. Nadhani haki inadai tuwataje kila tunapomtaja yeye.

Je, wajua moto huo huwashwaje? Si moto wa kuteketeza. Huwashwa kati ya Februari na Aprili, kabla ya viota, siku yenye upepo mtulivu na unyevu wa kutosha ardhini. Kwanza hulimwa kinga moto kuzunguka kipande. Kisha huwashwa mstari unaorudi nyuma dhidi ya upepo, ukitambaa polepole kimo cha goti. Msonobari wenye gome nene haudhuriki. Majani makavu huisha, ardhi hubaki wazi, jua huigusa, na baada ya wiki chache mimea ya jamii ya kunde na magugu ya wadudu hujitokeza.

Siri iko kwenye kuacha. Hawachomi shamba zima. Kwa mwaka huchomwa nusu hivi, vipande kwa vipande, ili kando ya kila sehemu nyeusi kuwe na sehemu yenye nyasi za mwaka jana. Mama hutagia kwenye nyasi zilizobaki, kisha huwapeleka watoto kulisha kwenye palipoungua. Mwaka unaofuata vipande hubadilishana zamu. Kipande kikikosa moto miaka mitatu au minne, miti midogo hukifunika na kware hukihama. Sheria nayo imekuja kuwasaidia wachomaji: tangu 1990 Florida ina sheria inayotambua moto wa mpango kama haki ya mwenye ardhi, ikiwa utasimamiwa na mchomaji mwenye cheti na kwa kibali.

Tafadhali usichukue kiberiti kwa kusoma aya hii. Moto huo ni kazi ya watu waliofunzwa.

Je, wajua kwamba wengine wengi huneemeka? Msitu wa misonobari ya majani marefu uliwahi kufunika ekari milioni 90 kusini mwa Marekani. Umebaki sehemu ndogo. Mahali unapochomwa kwa ajili ya kware, hurudi kobe mchimba mashimo, na kigong'ota mwenye doa jekundu anayetoboa misonobari mizee iliyo hai. Shimo la kobe huwahifadhi wanyama chungu nzima moto unapopita.

Je, wajua kwa nini habari hii yote ni habari ya watu binafsi? Kwa sababu ardhi ni yao. Texas, karibu asilimia 95 ya ardhi inamilikiwa na watu binafsi, na mashariki pia sehemu kubwa iko mikononi mwao. Hakuna hifadhi ya taifa itakayomwokoa ndege huyu peke yake. Serikali inachoweza ni kumlipa mwenye shamba aache nafasi. Mpango wa kupumzisha ardhi, ulioingizwa kwenye sheria ya kilimo ya 1985, hulipa kodi ya kila mwaka kwa ardhi iliyotolewa kwenye kilimo, na hukataza kufyeka ndani ya msimu wa viota. Mwaka 2004 uliongezewa kipengele cha kingo: mkulima huacha mkanda wa nyasi za asili na magugu kuzunguka shamba, upana wa mita 9 hadi 36, naye hulipwa kwa mkanda huo. Mara nyingi kingo hizo ndizo zenye mavuno hafifu kwa sababu ya kivuli cha miti, hivyo mkulima hapotezi kikubwa. Ripoti za ufuatiliaji zilionyesha bobwaiti wengi zaidi kwenye mashamba yenye mikanda kuliko yasiyo nayo.

Je, wajua kwamba huwezi kununua kware wa porini sokoni? Watu wamejaribu kwa karibu karne nzima: kununua ndege wa kufugwa, kufungua tundu, kungoja. Wengi wao hufa ndani ya wiki chache. Hawajui kipanga, hawajui kujificha, hawajalelewa na mama aliyewafundisha kunyamaza. Nasikitika kila ninapoona mtu mwema amemaliza fedha zake kwa njia hii, kwani fedha zilezile zingelipia kinga moto na kupunguza misonobari iliyobanana.

Kinachofanya kazi, baada ya makazi kutengenezwa, ni kuhamisha ndege wa porini kwenda porini. Hunaswa kwa mitego ya chambo kwenye shamba lenye wingi, huvishwa pete na vidani vya redio, husafirishwa, na huachiliwa muda mfupi kabla ya msimu wa viota. Mwaka 2015, ndege 80 kutoka Georgia walipelekwa kwenye ardhi binafsi ya wakulima wa kranberi katika misonobari ya New Jersey, ambako bobwaiti wa porini walikuwa wametoweka. Kiangazi hichohicho wakataga na kuangua.

Lakini ndege hao hawapelekwi kwenye bustani. Wataalamu huhitaji eneo moja lisilokatika la ekari elfu moja na zaidi kabla ya kukubali kuhamisha hata kundi moja. Mwenye ekari 50 afanye nini? Amwite jirani. Kundi moja hutumia ekari 20 hadi 40 mahali pazuri, na halijui mpaka wa hati miliki. Majirani kumi wanaofyeka kwa zamu, wanaochoma kwa zamu na kuacha kingo zikutane wana shamba moja kubwa machoni pa kware.

Je, wajua kwamba Texas magharibi hesabu hupanda na kushuka kama mawimbi? Mvua ikinyesha vizuri majira ya kuchipua, nyasi husimama, wadudu hujaa, kware hulipuka. Ukame ukija, majike wengi huacha hata kujaribu kutaga. Mfugaji hana amri juu ya mvua. Ana amri juu ya idadi ya ng'ombe, na anayewapunguza mapema mwanzo wa ukame ndiye anayebaki na mafungu ya nyasi mvua inaporudi.

Je, wajua jinsi ya kuwahesabu bila kuwaona? Simama shambani alfajiri ya mwishoni mwa Oktoba, giza likiwa halijaondoka kabisa. Nusu saa hivi kabla ya jua kuchomoza, kundi moja litaita, jingine litajibu ng'ambo, la tatu litafuata. Kila mwito ni kundi, na kila kundi ni ndege kumi hivi. Dakika chache tu, kisha kimya. Mtu aliyeacha nyasi zake mwaka mzima hupata jibu lake asubuhi hiyo.

Nawe msomaji uliye Kentucky, Missouri, Georgia au Texas, ukiwa na ekari zako au ukikodi za mwingine: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, liache trekta la kufyekea bandani. Palipochakaa kabisa, panapohitaji mkono, ngoja hadi baridi iishe, uguse nusu tu. Nusu nyingine iache imesimama, kavu, isiyopendeza macho. Humo ndimo atakamotaga.